Faluda ya choya, enzi za foleni

Jumapili nilitoroka hosteli hapa Chang'ombe nikaibukia kwa bibi Mbagala. Nina insha ya uchumi wa miaka ya 80, na vitabu vinasema yaleyale: Amin kavamia Kagera Oktoba 1978, Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979, Mwalimu akaomba tufunge mkanda miezi 18. Miezi 18 gani bwana! Mwaka 1983 Sokoine alikuwa bado anasaka wahujumu uchumi, sukari kwa foleni.

Bibi akacheka, akanituma nichume choya kwenye wigo wa jirani. Unatoa mbegu, unachemsha yale mekundu, unachuja. Unga wa muhogo unaukoroga kwa maji ya muwa (ndiyo sukari yenyewe hiyo), unamimina, unasonga motoni mpaka uwe mzito, kisha sahanini ugande. Una uchachu huo!

"Ndiyo ilikuwa Idi yetu," akasema. Babu alikwenda Uganda na mgambo, akarudi, ila chakula kilikuwa hakimpiti. Hiki alikula.

Nilimaliza sahani, hata ya pili.