Kurasa Ishirini za Bujora

Kutoka Nyakato hadi Bujora ni barabara moja. Unasimama kando ya barabara ya Musoma, unapanda hiace ya Kisesa, unapita Igoma, unashuka Kisesa na kumalizia kwa bodaboda. Nimekulia Nyakato, na kwa miaka mingi Bujora kwangu ilikuwa mahali pa kupelekwa na shule. Mnashushwa kwenye basi, mnaambiwa msiguse ngoma, mnakunywa soda, mnarudi nyumbani. Sikuwaza kwamba siku moja maombi yangu ya shahada ya uzamivu yangetegemea mahali hapo.

Naomba nafasi ya kusoma historia ya sanaa nje ya nchi. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi Desemba au mwanzoni mwa Januari. Pamoja na barua za walimu na maelezo ya nia, huomba sampuli ya maandishi: insha ya kitaaluma, mara nyingi ya kurasa 20 hadi 25, ambayo mtu asiyekujua ataisoma ili aone kama unajua kutazama. Neno hilo, kutazama, ndilo lililonikwamisha. Mimi ni mwanafunzi wa historia. Nimefundishwa kusoma barua, ripoti na hati za mahakama. Picha kwetu ilikuwa kitu cha kupamba jalada.

Mezani nilikuwa na insha mbili. Ya kwanza ilikuwa sura ya kurasa 25 kuhusu Edward Saidi Tingatinga. Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 kusini mwa nchi. Alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za mafuta zinazong'aa, juu ya vipande vya ubao mwembamba wa dari. Mwaka 1972 akafa kwa risasi ya polisi. Alichora kwa miaka michache tu, lakini jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Insha ya pili ilikuwa ya kurasa 11, ya semina, kuhusu makumbusho ya Wasukuma pale Bujora.

Kila niliyemuuliza alisema nitume ya Tingatinga. Jina linajulikana, urefu umetimia, alama zilikuwa nzuri. Usiku mmoja nikaisoma upya nikiwa na kalamu nyekundu, nikipiga mstari chini ya kila sentensi iliyoeleza picha. Zilikuwa nyingi, na zote nilizitoa kwenye vitabu. Nilikuwa nimeona kazi za wafuasi wake, zile za tembo na chui zinazouzwa kwa watalii, ila sijawahi kusimama mbele ya picha hata moja iliyochorwa na mkono wake. Kurasa 25 nilikuwa natazama kwa macho ya watu wengine.

Nikajaribu njia ya tatu. Usukumani kulikuwa na chama cha wacheza nyoka, Bayeye, waliochora kuta za ndani za nyumba walimofundishiwa wanachama wapya. Asiyekuwa mwanachama hakupaswa kuziona. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika, alizichapisha katika kitabu kilichotoka London mwaka 1953. Niliwaza kwamba hii ndiyo mada: michoro ya kwetu, ya siri, ambayo wachache wameiandika. Lakini nilipoanza kuandika nikagundua kwamba ninachokieleza ni kurasa za kitabu. Kwenye ukurasa mweupe nyoka yule ni nyoka tu. Ukutani alikuwa somo: kulikuwa na mwalimu anayemwonyesha, na mwanafunzi aliyeapa kutosema. Cory alituhifadhia umbo, na bila yeye pengine tusingejua hata hilo. Chumba chenyewe hakikuingia kitabuni.

Jumamosi iliyofuata nikapanda hiace ya Kisesa.

Makumbusho ya Bujora yalianzishwa na padre kutoka Quebec, David Clement, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka. Kanisa la duara lililo jirani lilijengwa kwa juhudi zake katika miaka ya 1950. Banda la ngoma za watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Nilikuwa nimeliandika jambo hilo kwenye insha ya semina kwa sentensi moja, kama mtu anayetaja rangi ya geti. Safari hii nililizunguka polepole, nikajiuliza kiti hicho ni cha nani.

Desemba 1962, Nyerere alipokuwa Rais wa Jamhuri ya Tanganyika, aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwaka uliofuata serikali ikafuta kisheria mamlaka ya machifu. Kwa hiyo katika muda usiozidi miezi kumi na mitatu utamaduni ulipata wizara na watemi wakapoteza viti vyao. Ngoma ya mtemi ilikuwa chombo cha utawala, na sasa utawala wenyewe haukuwepo. Pale Bujora ngoma hizo zimekaa ndani ya kiti, mahali pa mtu ambaye sheria ilimwondoa. Na hazikunyamaza, kwani hupigwa kwenye sikukuu za kanisa na wageni wa serikali wanapofika. Zimepewa kazi nyingine, na ni jengo hilo linalotuambia kazi ya kwanza ilikuwa ipi. Hilo sikulisoma popote. Nililiona kwa kuzunguka banda mara tatu.

Ndani kuna kifaa kikubwa cha kuhesabia. Zamani kila rika, watoto, vijana, wasichana, wanawake, wazee, lilikuwa na maneno yake ya kuhesabu moja hadi kumi, yaliyotumika ndani ya kundi hilo tu. Kifaa hicho kinayaonyesha yote pamoja. Nilisimama hapo hadi miguu ikachoka. Kwa nini kifaa kama hiki badala ya jedwali? Na ina maana gani kuweka mbele ya kila mgeni maneno ambayo kundi moja halikutumia mbele ya jingine? Nikamkumbuka Cory. Kifaa hiki nacho kimetoa nje mambo ya ndani. Tofauti ni kwamba kimebaki Usukumani, ambako mzee anaweza kuja na mjukuu wake akasema hapo mmekosea.

Nami nataka kufanya kazi hiyohiyo: kuchukua kilichoko Kisesa na kukipeleka kwa watu watatu au wanne wasiojua Kisesa iko wapi. Tena kwa Kiingereza, wakati nusu ya niliyoyajua hapo niliambiwa kwa Kisukuma. Nilipomweleza mama, aliacha kuchambua mchele.

"Hao watakaosoma, hizo ngoma wameziona?"

"Hapana, mama."

"Na huyo mchoraji wa Dar, picha zake wewe umeziona?"

"Za kwake mwenyewe, bado."

"Sasa mwanangu, utamweleza mtu njia ambayo na wewe hujaipita?"

Nimeamua kutuma Bujora. Ni uamuzi wenye hatari. Kurasa 11 lazima ziwe 20, na siwezi kuzijaza maji. Jina la Bujora halitamshtua msomaji yeyote kule, kwa hiyo ukurasa wa kwanza lazima umfikishe mlangoni kabla hajachoka. Pia lazima niandike waziwazi kwamba mahali hapo pana mkono wa mmisionari, na kwamba kupanga vitu kwenye banda ni kuchagua kipi kionekane na kipi kisionekane. Sura ya Tingatinga nimeiweka kwenye droo mpaka nitakapopata nauli ya kwenda kuzifuata picha zake mwenyewe.

Jumamosi hii narudi Kisesa na futi kamba, daftari na penseli. Nitaomba ruhusa nipime kile kifaa na kukichora mwenyewe, halafu nitafute mzee wa kunisomea maneno ya rika lake kabla sijaandika lolote kuyahusu.