Mpigo wa Jembe na Mpigo wa Kompyuta

Katika nchi ya Usukuma, tangu zamani ambazo wazee wa leo wamezisikia tu kwa babu zao, kazi ya shamba haikutengana na ngoma. Maana vijana waliolima kwa ushirika walisimama safu moja, majembe yakapanda na kushuka kwa pamoja, na mpiga ngoma ndiye aliyekuwa saa yao, akizidisha nao wakazidisha, akipoza nao wakapumua. Ngoma hiyo, Bugobogobo, ingali ikichezwa, nami naiona kuwa ndiyo darasa la kwanza la fani ya kutengeneza muziki ambayo vijana wa Mwanza, mji wa huko huko Usukuma, hujifunza leo mbele ya kompyuta, majumbani mwao, bila ya mwalimu wala ada. Kwani jambo la awali apaswalo kulijua mwanagenzi, apige ngozi au abonyeze kitufe, ni kwamba mpigo uwe thabiti kabla haujapambwa.

Fani hii ilichelewa kufika pande hizo za Ziwa Victoria. Reli iliifikia Mwanza mwaka 1928, lakini mitambo ya kunasa sauti haikuja nayo, na mwimbaji aliyetaka sauti yake ihifadhiwe ilimlazimu ama kungoja mgeni mwenye vyombo vyake, kama Hugh Tracey aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi ngoma na nyimbo, ama kusafiri kilometa zaidi ya 1,200 hadi Dar es Salaam, kwenye studio ya redio ya taifa. Na kompyuta, ambayo kijana wa leo huihesabu kuwa ni ala kama zeze, Serikali ilipiga marufuku kuiingiza nchini mwaka 1974, pamoja na televisheni.

Milango ilifunguliwa kidogo kidogo baada ya biashara kulegezwa katika miaka ya 1980. Kwanza vilienea vinanda vya umeme, aghalabu vya Yamaha, vyenye midundo iliyokwisha kutiwa ndani kiwandani, vikapokelewa makanisani na kumbini. Kisha, katika miaka ya 1990, zikaja redio za watu binafsi, Mwanza yenyewe ikapata Radio Free Africa, na nyimbo za Kiswahili zilizotengenezwa na watayarishaji kina Master J na P-Funk huko Dar es Salaam zikasikika katika mitaa ya Mwanza, Kirumba na Igogo, sawasawa na Kariakoo. Hata hivyo mwenye kipaji alihama: mwanarap Fid Q, ambaye ni mtu wa Mwanza, jina lake lilivuma akiwa Dar es Salaam.

Kilichobadili mambo ni programu ndogo iliyotolewa mwaka 1997 na kampuni ya Image-Line ya Ubelgiji, kwa jina la FruityLoops, ambayo tangu 2003 huitwa FL Studio. Nakala zake zilipita mkono kwa mkono katika CD za kuchoma, hata mtu ambaye hajagusa gitaa akaweza kukaa kitandani akaunda biti usiku mmoja.

Ukiingia katika chumba cha kijana wa namna hiyo, utakuta trei za mayai zimebandikwa ukutani ili sauti isirudi, godoro limesimamishwa mlangoni, feni imezimwa kwa sababu kipaza sauti huichukua, na kijana amejitwisha spika za masikioni, jasho likimtiririka. Mbele yake, katika kioo cha kompyuta, pana safu za visanduku 16. Mwanagenzi huambiwa aweke dundo zito katika kisanduku cha 1, cha 5, cha 9 na cha 13, kisha kofi katika cha 5 na cha 13. Hapo shingo huanza kutikisika yenyewe, na ndipo besi hufuata, na kinanda baada yake. Umeme ukikatika naye hajahifadhi kazi yake, huanza upya.

Lakini visanduku hivyo 16 vina hila yake, nami sijaona ikisemwa ya kutosha. Hugawanyika kwa nne, ilhali ngoma nyingi za Kiafrika hutembea kwa tatu tatu, na mwenye kuzilazimisha ndani ya nne huzivunja miguu. Dawa yake ni nyepesi: kuvigawa visanduku viwe 12, jambo ambalo programu hukubali, ila kijana halitafuti maadamu sikio lake limelelewa na nyimbo za redio peke yake.

Pa kulifundisha sikio hilo papo: Bujora, karibu na Kisesa, kiasi cha kilometa 20 kutoka mjini, yako makumbusho ya Wasukuma yaliyotokana na juhudi za Padre David Clement tangu miaka ya 1950, na hapo kila Juni, katika sikukuu ya Bulabo, Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, hushindana kwa ngoma kama walivyoshindana tangu karne ya 19. Basi ewe kijana mwenye kompyuta katika mitaa ya Nyakato au Mabatini, panda gari uende, uombe idhini ya wazee, uzirekodi ngoma zile kwa simu yako, na ukirudi nyumbani uzihesabu tatu tatu kabla hujagusa kisanduku chochote.