Winchester ya Roosevelt na gobore la babu

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunaijua bunduki hii hata kama hatujui jina lake. Kauboi yuko juu ya farasi, anaishusha na kuipandisha ile pete ya chuma iliyo chini ya bunduki, kla-kla, ganda linaruka, risasi nyingine imeshaingia, maadui wanadondoka mmoja mmoja na steringi hafi. Ile pete ndiyo wenzo, kama zile nyenzo za fizikia ya sekondari. Ukiivuta chini, ganda lililotumika linatoka, nyundo inajikoka na risasi mpya inapanda. Ukiirudisha juu, mlango unajifunga. Umemaliza, piga tena.

Mwenzangu mmoja kazini, mgonjwa wa sinema hizo, aliniuliza: hivi mtu akiwa na hela na kibali, achague ipi kati ya hizi bunduki za wenzo, akitaka ya kuwindia na ya kulengea shabaha? Mimi si mwindaji, na mshahara wa mwandishi wa habari mnaujua. Lakini swali lile lina historia ndefu, na kipande chake kikubwa kilitokea hapa hapa Afrika Mashariki. Na nikiri mapema ninakoelekea: katika historia ya bunduki, kabla ya kuuliza ipi ni bora, ni vizuri kuuliza nani aliruhusiwa kuchagua.

Tuanze kwa fundi wa mashati. Oliver Winchester alikuwa na kiwanda cha mashati New Haven, Marekani, kabla ya kuweka fedha zake kwenye silaha. Fundi wake, Benjamin Tyler Henry, alipata hataza ya bunduki yake mwaka 1860. Bunduki ya Henry ilibeba risasi 16 kwenye bomba refu chini ya mtutu, wakati askari wengi wa dunia hii walikuwa bado wanashindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, risasi moja moja. Mwaka 1866 likaja toleo lenye jina la Winchester mwenyewe, likiwa na kidirisha ubavuni cha kujazia risasi. Mwaka 1873 likaja lile maarufu kuliko yote, likatengenezwa zaidi ya 700,000.

Sasa sikilizeni vituko vya kuchagua. Jeshi la Marekani halikuitaka kwa wapanda farasi wake. Wakubwa walipendelea Springfield ya risasi moja, iliyopiga mbali zaidi, tena waliogopa kwamba askari akipewa bunduki ya risasi nyingi atazimwaga hovyo. Juni 25, 1876, kikosi cha George Custer kilikutana na Walakota na Wacheyenne kwenye mto Little Bighorn. Baadhi ya wale wapiganaji walikuwa na Henry na Winchester. Moto ulipounguza nyasi za uwanja ule mwaka 1983, wataalamu wa mambo ya kale waliingia, wakaokota maganda na kuyapima, wakathibitisha kwamba bunduki za risasi nyingi upande wa wenyeji zilikuwa nyingi. Bila shaka si bunduki peke yake iliyommaliza Custer, idadi ya watu na ujinga wake vilichangia sana. Lakini siku ile aliyechagua vizuri hakuwa serikali.

Kwenye shabaha hadithi inageuka. Mwaka 1874 timu ya Marekani ilishindana na Waayalandi pale Creedmoor, nje ya New York, kwa umbali uliofika yadi 1,000. Wamarekani walishinda kwa Remington na Sharps, bunduki za risasi moja. Wenzo haukuonekana, na sababu zake ni za kiufundi. Bunduki ya wenzo ina mbao mbili zilizotenganishwa na chuma katikati, kwa hiyo haikai imara kama yenye ubao mmoja. Bomba la risasi linaning'inia kwenye mtutu, na uzito wake unapungua kila unapopiga. Halafu ukilala kifudifudi, wenzo unagonga ardhi.

Hata hivyo Winchester walijaribu. Waliipima mitutu yao kiwandani, na ile michache iliyokusanya risasi vizuri kwenye shabaha ikafungwa kwenye bunduki za nakshi zilizoitwa Moja kati ya Elfu, zikauzwa dola 100. Za namna hiyo za mwaka 1873 zilitoka kama 136 tu. James Stewart akacheza filamu kuhusu bunduki hiyo mwaka 1950, na mpaka leo matajiri wanatoana macho kwa ajili yake. Binafsi naona ule ulikuwa ujanja wa biashara zaidi ya sayansi: unamwambia mteja kwamba mtutu wake umechaguliwa, naye mwenyewe anamaliza kazi kwa kujisifu.

Kuna jambo jingine ambalo kila mwenye bunduki ya bomba analijua. Ndani ya bomba risasi zinapangana foleni, pua ya hii inagusa kitako cha iliyo mbele, pale pale penye kiwashio chake. Ukiweka risasi zenye ncha kali, bunduki ikiruka nyuma unapopiga, ncha inaweza kugonga kiwashio na bomba zima likalipuka mkononi mwako. Ndiyo maana zinatumia risasi butu, na risasi butu zikienda mbali hewa inazichosha. Kwa paa au swala aliyesimama mita 100 kwenye kichaka, hakuna tatizo. Kwa mnyama aliye mita 300 kwenye mbuga tupu, hapo ni habari nyingine.

Aliyelitatua ni John Moses Browning wa Ogden, Utah, fundi ambaye Winchester walinunua michoro yake kama watu wanavyonunua vitumbua. Toleo la 1886, la 1892, la 1894, yote yake. Lile la 1894 liliuzwa zaidi ya milioni 7. Lakini la 1895 ndilo lililovunja mila. Aliliondoa bomba, akaweka magazini ya sanduku chini, risasi zikakaa moja juu ya nyingine badala ya kufuatana. Hapo ncha kali ikaruhusiwa, na baruti kali pia. Urusi iliagiza karibu 300,000 za namna hii kwa Vita ya Kwanza ya Dunia.

Na hapa ndipo anapoingia Bwana Makuba.

Theodore Roosevelt alimaliza urais wa Marekani Machi 1909, na kabla ya mwezi huo kwisha alikuwa melini kuja Mombasa pamoja na mwanawe Kermit. Safari iliandaliwa kwa jina la makumbusho ya Smithsonian, fedha zikatoka kwa matajiri akiwemo Andrew Carnegie, na gazeti la Scribner's likamlipa dola 50,000 kwa makala zake. (Waandishi wenzangu, msilie.) Walifika Mombasa Aprili 21, wakapanda treni ya Uganda, na bwana mkubwa akakaa mbele kabisa ya kichwa cha treni kwenye kiti cha wazi ili atazame wanyama.

Uchaguzi wa bunduki alikuwa ameufanya akiwa bado Ikulu, kwa barua na Winchester. Alikuja na aina tatu kubwa: Springfield ya jeshi iliyotengenezewa ubao wa kumfaa, Winchester ya 1895 inayotumia risasi ya .405, na Holland & Holland ya mitutu miwili aliyozawadiwa na marafiki wa Uingereza. Kermit naye alikuja na Winchester zaidi ya moja.

Kwa nini mtu mwenye uwezo wa kununua bunduki yoyote duniani achague wenzo, wakati mabwana wa Kiingereza waliiona kama kitu cha kihuni cha makauboi? Mimi nadhani jibu liko kwenye mwili wake. Roosevelt alikuwa haoni vizuri, alitembea na miwani ya akiba, na jicho la kushoto lilikuwa limeharibika kwa sababu ya ngumi alizokuwa akicheza Ikulu. Kulenga hakukuwa kipaji chake, mwenyewe aliandika hivyo. Lakini tangu ujana wake kule Dakota miaka ya 1880 alikuwa anawinda na Winchester. Mkono ulikuwa umezoea. Mtu wa namna hiyo hahitaji bunduki ya kupiga sindano mita 400, anahitaji ya kumpa risasi ya pili na ya tatu bila kuitoa begani. Risasi ya .405 ilikuwa na uzito wa kama gramu 19, butu, nzito, ya karibu. Kwa simba aliiita bunduki yake ya dawa, na simba 9 walianguka kwake.

Kwa tembo na kifaru alinyoosha mkono nyuma na kuomba Holland, ambayo risasi yake ilizidi gramu 30. Kwa swala wa mbali aliomba Springfield. Kwa hiyo nikimjibu mwenzangu wa ofisini kwa kumtumia Roosevelt: wenzo ni wa karibu na wa haraka, shabaha za mbali mwachie mwingine, na ukitaka risasi yenye ncha usichukue ya bomba.

Lakini ule mkono ulionyooshwa nyuma ndio unaonishika mimi. Nyuma yake alikuwepo mtu. Bakari alikuwa mmoja wa wabeba bunduki wa Roosevelt. Juma Yohari, Mswahili, alikuwa wa Kermit, na Kasitura alitoka Busoga. Kazi yao ilikuwa kujua bunduki ipi inahitajika sekunde ile, kuijaza, kuipokeza, na kusimama hapo hapo kifaru akija. Hao ndio waliochagua bunduki mara nyingi kuliko rais mwenyewe, ila si kwa ajili yao. Nyuma yao tena walikuwepo wapagazi zaidi ya 200 na masanduku vichwani. Hawa watu ndio waliowapa wageni majina, na Roosevelt akayaandika kwa masikio yake ya Kimarekani: yeye Bwana Makuba, Kermit Bwana Merodadi kwa kupenda maridadi, na Loring, mtaalamu wa wanyama wadogo, Bwana Pania, kwa sababu alishinda anatega panya. Sidhani kama walimweleza kila walichokuwa wanacheka.

Sasa, kwa nini Bakari asingenunua Winchester yake? Ukiacha bei, ipo karatasi. Julai 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels, wa kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake walipiga marufuku kuingiza silaha za kisasa Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini mpaka digrii 22 kusini. Angalia ramani, Tanganyika, Kenya, Uganda, Kongo, sote tumo. Kilichoweza kuruhusiwa kwa wenyeji ni bunduki za gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida ya biashara. Kwa Kiswahili cha kijijini: gobore. Miaka 30 baada ya Henry kuweka risasi 16 kwenye bomba, iliandikwa kwamba mtu wetu atashindilia moja.

Shuleni tulisoma mkataba ule kama ukombozi wa watumwa, na kweli sehemu hiyo ipo. Hiyo nyingine hatukusoma. Ndiyo maana bado unakuta gobore kwenye habari za polisi mikoani, na tunaandika "silaha ya kienyeji" kana kwamba babu zetu waliipenda sana.

Uwindaji nao ulikuwa na karatasi zake. Leseni ya mgeni mwindaji katika himaya ile ya Waingereza ilikuwa pauni 50, na mwenyeji aliyejitafutia kitoweo kwa mshale alibadilika jina akaitwa jangili.

Roosevelt na mwanawe waliua wanyama 512, yeye 296 na Kermit 216, mpaka walipofika Khartoum Machi 1910. Hesabu hiyo aliichapisha mwenyewe kitabuni, aina kwa aina. Katika orodha kuna vifaru weupe 9 wa aina ya kaskazini, aliowafuata Lado, ng'ambo ya magharibi ya Nile, Januari 1910. Alikwenda huko kwa makusudi kwa kuwa alijua ni wachache na makumbusho iliwahitaji. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Dume la mwisho la kifaru huyo, aliyeitwa Sudan, alikufa Ol Pejeta, Laikipia, Machi 2018. Waliobaki nyuma yake walikuwa majike wawili, Najin na bintiye Fatu, wakilindwa usiku na mchana na askari wa wanyamapori wenye bunduki.