Kufuma, kushona na kutililia: Somo la lugha katika kisigino cha soksi

Mjini Kakamega, ukimuuliza mama anayetengeneza sweta za shule anafanya kazi gani, huenda akakujibu, "Nashona sweta." Mwanawe aliye chuoni atakwambia mama "ananiti". Ni wachache watakaosema "anafuma". Wote wataeleweka, kwa hivyo mtu anaweza kuniuliza: Sasa Profesa, shida iko wapi?

Shida ni kwamba kushona na kufuma ni kazi mbili tofauti. Anayeshona huunganisha vitambaa ambavyo tayari vipo. Anayefuma hana kitambaa; ana uzi tu, na kitambaa hukizaa mwenyewe, kitanzi baada ya kitanzi. Kutokana na kitenzi hiki tumepata nomino "mfumo", tunayoitumia kila siku kuzungumzia elimu, siasa na kompyuta. Tumepata pia "fumua" na "fumuka". Siri ikifumuka, imefanya vile vile afanyavyo uzi wa sweta ukivutwa ncha. Majirani zetu Waganda wana kitenzi "kuluka", kinachobeba kusuka mkeka, kusuka nywele na kufuma sweta kwa pamoja. Kiswahili kilichagua kutenganisha kusuka na kufuma, na ni hasara kuupuuza utajiri huo.

Soksi nazo zina historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Neno lenyewe tulilichukua kutoka kwa Waingereza likiwa katika wingi, tukalifanya umoja na wingi kwa pamoja: soksi hii, soksi hizi. Waingereza walilipata katika Kilatini, ambako "soccus" kilikuwa kiatu chepesi kilichovaliwa na waigizaji wa vichekesho. Lakini baadhi ya soksi kongwe zaidi zilizosalia duniani zilitoka humu humu Afrika. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kuna soksi nyekundu za sufu kutoka Misri, za karne ya 4 au ya 5, zilizogawanywa penye kidole gumba ili mtu azivae pamoja na ndara. Zilitengenezwa kwa sindano moja. Ufumaji wa sindano kadhaa, tunaoujua leo, ulikuja baadaye, na baadhi ya mabaki yake ya kale pia yamepatikana Misri. Mashine ya kufuma soksi ilibuniwa na William Lee, Mwingereza, mwaka 1589.

Magharibi mwa Kenya sindano hizi zilifuata njia ya misheni. Waquaker kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902 na kuanzisha misheni waliyoiita ya viwanda. Eneo hilo baadaye lilikuwa katika wilaya ya Kakamega. Leo liko Kaunti ya Vihiga. Wanaume walifunzwa useremala na ufyatuaji matofali. Wanawake walifunzwa kusoma, usafi na kazi za sindano. Huko Butere, Jane Elizabeth Chadwick wa Church Missionary Society aliwafunza wasichana katika enzi hiyo hiyo. Wakati huo askari wengi wa King's African Rifles walikuwa wakienda vitani miguu mitupu, wamezungushiwa vitambaa kwenye miundi. Soksi ilikuwa alama ya cheo.

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni ilisaidia kuanzisha Maendeleo ya Wanawake, na vilabu vyake vikaeneza upishi, malezi, ushonaji na ufumaji vijijini. Wasomi wamekosoa mpango huo, na mimi nakubaliana nao kwa sehemu: mvulana alipewa ufundi wenye mshahara, msichana akapewa ufundi "wa nyumbani". Lakini kuna kosa jingine linalojificha katika ukosoaji huo. Sisi wasomi tumeuchukulia ufumaji kana kwamba ni kazi isiyohitaji akili. Ati ni mchezo wa kupitisha wakati!

Hebu tutazame kisigino. Soksi huanza kama bomba, na bomba halina kona, ilhali mguu unayo. Mfumaji mwenye vitanzi 64 huviacha 32 vya mbele vipumzike, kisha hufuma 32 vya nyuma kwenda na kurudi, takriban mistari 32, hadi apate kipande cha mraba. Halafu hupunguza vitanzi kwa mpango ili kipande kijikunje kama kikombe. Mwishowe huokota vitanzi 16 kila upande wa kipande, akarudi kwenye mduara na kuvipunguza polepole hadi 64. Wengine hufuma mistari inayofupika kisha kurefuka tena. Wengine hutia uzi wa muda penye kisigino, humaliza soksi nzima, kisha huutoa uzi ule na kufuma kisigino mwisho. Faida yake ni kwamba kikichakaa, hufumuliwa peke yake. Hiyo ni jiometri bila ubao wala chaki. Na kwenye nakshi za rangi mbili, ule uzi usiotumika hupitishwa nyuma bila kukazwa, la sivyo soksi haitaingia mguuni.

Angalia basi: nimeeleza njia tatu za kisigino bila jina hata moja la Kiswahili. Si kwamba lugha yetu imeshindwa. Ni kwamba hatukuwahi kuwauliza wanaofuma wanaziitaje.

Na muda unayoyoma. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulipeleka sayansi kimu na kazi za mikono darasani, kisha masomo hayo yakapunguzwa. Soko lilipofunguliwa mapema miaka ya 1990, mitumba ilimiminika. Leo soksi ya kiwandani hununuliwa kwa bei ambayo mfumaji wa mkono hawezi kuishindania. Ikitoboka, hutupwa. Ndiyo maana kitenzi "tililia", yaani kuziba tundu la nguo kwa kupishanisha nyuzi, kimebaki kamusini. Waliokuwa wakitililia visigino vya soksi wamezeeka, nalo neno limezeeka nao.

Ombi langu kwa walimu wa Kiswahili wa Kakamega ni dogo. Watumeni wanafunzi kwa nyanya zao na kwa mafundi wa sokoni, wakiwa na daftari. Waulize: hiki mnakiitaje? Maneno watakayoleta, yawe ya Kiswahili, ya Kiluhya au ya kukopa, yaandikwe pamoja na maelezo ya kazi yenyewe. Wakunga wa istilahi huketi mikutanoni wakibuni maneno ya mashine ambazo hawajaziona. Hawa wana sindano mkononi.