Pholela, Kijiji Kilichofundisha Madaktari

Mwaka 1940 madaktari wawili, Sidney Kark na mkewe Emily, walifungua kituo cha afya Pholela, Natal, nchini Afrika Kusini, chini ya milima ya Drakensberg, wakiwa na Edward Jali, msaidizi wa tabibu, na mkewe Amelia, muuguzi. Badala ya kungoja wagonjwa wapange foleni, walipita nyumba kwa nyumba: nani anaishi humu, wanakula nini, maji wanateka wapi, mtoto yupi amefariki. Utapiamlo waliokutana nao ulitokana na ardhi iliyochoka na wanaume waliokwenda vibaruani mbali, basi bustani za mboga na vyoo vikawa sehemu ya tiba. Kituo hicho kikawa pia darasa la wanafunzi wa udaktari. Naona siri ya darasa hilo ilikuwa moja: mwanafunzi alikuta kazi inayoendelea, na alipoondoka aliiacha inaendelea.

Wapo wanaopinga mafunzo ya namna hii. Husema mwanafunzi akiwa kijijini anapoteza muda wa wodini, na wanakijiji huhojiwa kila mwaka bila kuona matunda. Hoja ya pili ni nzito, na mahali pengi ni kweli tupu. Ila kosa liko kwenye ziara ya wiki mbili yenye dodoso na picha ya pamoja, pasipo mhudumu wa kurudi katika nyumba ileile mwezi unaofuata. Hoja ya kwanza inajibiwa na Jack Geiger, mwanafunzi wa udaktari kutoka Marekani aliyekuja Pholela mwaka 1957. Miaka kumi baadaye, kituo alichokiasisi Mound Bayou, jimboni Mississippi, kilihudumia familia za Weusi waliokuwa na njaa. Madaktari waliwaandikia chakula kama dawa, na gharama ikalipwa kutoka fungu la famasi. Wakubwa walipohoji, alijibu kwamba tiba ya utapiamlo ni chakula. Jibu hilo hakulipata wodini.

Huko Afrika Kusini kwenyewe mpango wa Pholela haukudumu. Tume ya serikali kuhusu huduma za afya, ile ya Gluckman, ilipendekeza mwaka 1944 vituo 400 vya aina ya Pholela. Vilivyojengwa ni kama 40. Serikali ya ubaguzi wa rangi iliyoingia mwaka 1948 ilivinyima nguvu, na akina Kark wakaihama nchi mwaka 1958.

Huku kwetu Kenya, Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kilipopokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari mwaka 1990, kiliyaweka mafunzo ya vijijini ndani ya mtaala wenyewe, yakirudiwa katika miaka tofauti ya masomo. Mosoriot, kituo cha afya cha mashambani, kilikuwa miongoni mwa madarasa yake. Mwaka 2001, matibabu ya UKIMWI yalipoanzishwa kwa ushirikiano wa chuo hicho na vyuo vya Marekani, vituo vya kwanza vilikuwa viwili: hospitali kuu ya Eldoret, na Mosoriot.