Na Celica ya mtumba, kutoka Dar hadi Mbeya

Kimya changu cha wiki tatu kilikuwa na sababu, na sababu yenyewe ina milango miwili na siti za nyuma ambazo mtu mzima hakai. Nimenunua gari. Toyota Celica ya mwaka 2001, rangi ya fedha, gia sita za mkono. Nimelinunua Dar es Salaam na nimeliendesha mwenyewe hadi nyumbani Mbeya, kilomita zaidi ya 800.

Najua wapo watakaouliza mwandishi wa habari kapata wapi hela. Ni akiba ya miaka minne, pamoja na zamu yangu ya mchezo wa kupeana pale ofisini. Kwa sh. milioni 11 ningeweza kupata gari la busara lenye milango minne, na mama amenikumbusha hilo kila siku tangu nifike. Leo lakini sitaki kubishana juu ya hela. Nataka kuandika juu ya historia, kwa sababu hilo gari na barabara niliyolipitisha vina historia ambayo wengi wa umri wangu hatukufundishwa.

Nianze na gari. Celica ilianza kuuzwa Japani Desemba 1970, na uzalishaji ukasimama mwaka 2006 baada ya vizazi saba. Yangu ni ya kizazi cha saba, cha mwisho. Sisi Afrika Mashariki jina hili tulilijua kwa vumbi. Celica ilishinda Safari Rally mara 8: mwaka 1984, 1985 na 1986, kisha 1990, halafu minne mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995. Mwaka 1993 Toyota walishika nafasi nne za kwanza, Juha Kankkunen akiwa mbele, na mwaka uliofuata akashinda Mkenya, Ian Duncan. Wazee wetu watakumbuka kwamba mashindano hayo yalipoanza mwaka 1953 hayakuwa ya Kenya peke yake. Yalipita Uganda na Tanganyika pia, na jina lake likaja kuwa East African Safari. Katikati ya miaka ya 1970 ndipo yakabaki upande wa Kenya tu, na mwaka 1977 Jumuiya yenyewe ikavunjika.

Nisiwadanganye, Celica yangu si ile ya kina Kankkunen. Zile za miaka ya 1990 zilikuwa na turbo na zilivuta kwa tairi zote nne. Hii inavutwa na tairi za mbele na turbo haina. Ila injini yake ya 1.8 ambayo Toyota waliitengeneza kwa kushirikiana na Yamaha ina mambo yake. Ukifika kama mizunguko 6,200 kwa dakika inabadilisha namna valvu zinavyofunguka, na mlio unabadilika kama mtu aliyekuwa akinong'ona akaamua kupiga kelele. Fundi wangu alitaka kusikia mlio huo kabla hata hajafungua boneti. Injini hizi za miaka ya mwanzo zina ugonjwa wa boliti fulani kule juu, zikilika huo ukelele haupatikani tena na gari linabaki na mwendo wa kawaida. Tulilipeleka barabara ya Bagamoyo alfajiri, tukalisikiliza, likapiga kelele. Akasema lipia.

Kwa nini Mjapani aachie gari zima namna hii? Kule kuna ukaguzi wa serikali unaoitwa shaken. Gari jipya linakaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili, na gharama yake si ndogo. Wengi wanaona heri wauze. Nasi tunaendesha upande wa kushoto kama wao, usukani uko kulia, kwa hiyo meli zinakuja bandari ya Dar moja kwa moja. Gari linafika na kila kitu chake cha kwao: yangu ina ramani inayonisemesha Kijapani kwa adabu sana, na redio inayoishia megahezi 90, maana FM ya kule ilipangwa kuanzia 76. Stesheni nyingi za kwetu haizipati. Nimesafiri kilomita 800 bila taarabu wala taarifa ya habari.

Lakini hata hao Wajapani wangeuza mpaka kesho, zamani usingenunua. Wakati wa Mwalimu gari lilikuwa kitu cha kugawiwa kwa kibali, fedha za kigeni zilikuwa hazipatikani, na kwenye miaka ya shida ya mafuta ilikuwa marufuku kuendesha gari binafsi Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mlango ulianza kufunguliwa na bajeti ya 1984 iliyosomwa na Cleopa Msuya, iliporuhusiwa mtu kuingiza bidhaa kwa fedha zake za kigeni bila kuulizwa sana alizipata wapi. Mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa, na mengine mnayajua. Wanaomlaumu kwa mitumba huwa wanasahau kwamba geti lilifunguliwa kidogo kabla yake.

Sasa barabara.

Nilipopiga simu nyumbani kusema nitalileta gari mwenyewe, babu mdogo, yaani mdogo wake babu mzaa baba, alikuwa Morogoro kwa binti yake. Akaniambia, "Mjukuu wangu, unipitie. Sitaki basi. Nataka gari la kusimama ninapotaka." Ana miaka 77 na magoti mabovu, na Celica iko chini kama mkeka. Kumwingiza tulitumia dakika kumi na majirani wawili.

Sababu ya kutaka kusimama ni hii. Babu alikuwa utingo kwenye njia hii tangu mwaka 1966.

Turudi nyuma kidogo kwa wasiojua. Zambia ilipata uhuru Oktoba 1964 ikiwa haina bahari, na reli yake ya kutolea shaba na kuingizia mafuta ilipita Rhodesia. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith akajitangazia uhuru wa walowezi. Kabla mwezi Desemba haujaisha Zambia ilikuwa imekatiwa mafuta. Ndege za Uingereza, Kanada na Marekani zikabeba mapipa ya mafuta angani, lakini nchi yenye migodi ya shaba haiwezi kuishi kwa mapipa ya ndege. Ikabaki njia moja: malori kutoka bandari ya Dar, kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, kisha kushuka Zambia. Yanakwenda na mafuta, yanarudi na shaba.

Barabara yenyewe sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Kiangazi vumbi linaficha lori la mbele, masika unakaa kwenye tope siku kadhaa. Waandishi wa Kizungu waliiita Njia ya Jehanamu, na kwa mara moja hawakutia chumvi. Serikali zetu mbili zikaungana na Waitaliano mwaka 1966 kuanzisha kampuni ya malori ya Zambia-Tanzania, wakaletwa Fiat wengi, na pembeni yao kila tajiri mwenye lori bovu au zima akaingia barabarani. Babu na dereva wake walikuwa wa tajiri mmoja wa Iringa. Lori moja, breki za kubahatisha.

Yaliyofuata yanaandikwa vitabuni: bomba la mafuta la TAZAMA, zaidi ya kilomita 1,700 hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968, lami ya barabara hii ikamalizika mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa fedha za Marekani na Benki ya Dunia miongoni mwa wengine, na Wachina wakajenga reli ya TAZARA, kilomita 1,860, kati ya 1970 na 1975. Kwa hiyo kuna mahali unaendesha Mmarekani yuko chini ya tairi na Mchina yuko pembeni, na wote wamefika pale kwa sababu ya Smith. Mimi nimesoma shule Mbeya miaka yote na hakuna mwalimu aliyenipa hadithi hiyo kwa mpangilio huo.

Mikumi tulipita taratibu. Hifadhi hiyo ya mwaka 1964 inakatwa na barabara kwa kama kilomita 50, na kuna kibao cha faini za kugonga wanyama, kila mnyama na bei yake. Babu aliomba nimsomee, akacheka mpaka akakohoa. Wakati wao, alisema, aliyekuwa na bei ni mzigo.

Tukateremka bonde la Ruaha. Wanaoijua sehemu ile wanajua: mibuyu pande zote, joto, mto uko karibu, vitunguu vimepangwa barabarani. Pale mbele unaanza mlima Kitonga, ambao kwa anayetoka Dar ni kupanda na kwa anayetoka Zambia ni kushuka. Dereva wa babu alikuwa anashuka. Ilikuwa mwaka 1967, wamebeba shaba, na breki zikakataa. Babu aliruka. Dereva hakuruka, alishikilia usukani hadi lori likalala bondeni. Jina lake sitaliandika hapa mpaka niipate familia yake, ila alikuwa mtu wa Njombe na alikuwa na watoto wawili.

Kilichomkaa babu ni siku iliyofuata. Tajiri alikuja na watu na lori jingine, wakaokota shaba kipande kwa kipande, wakahesabu, ikatimia. Lori likavutwa. Dereva alizikwa na wanakijiji palepale karibu na barabara kwa sababu ya joto, na kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kumsafirisha. Lori lililokuja lilikuwa limejaa shaba.

Tulisimama. Barabara ya lami haifuati ile ya zamani kila mahali, kwa hiyo tulihangaika. Mama mmoja muuza vitunguu akasema ndiyo, kaburi la dereva linajulikana, akatutolea mtoto wa kutuongoza. Mtoto akatufikisha kwenye mbuyu wenye mawe yaliyopangwa chini yake. Kabla babu hajasema neno, mtoto akanyoosha mkono: kuna na lingine kule. Kule nako kulikuwa na mbuyu na mawe. Makaburi mawili, yote ya dereva, hakuna aliyejua ya nani. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kutopata kitu. Kupata viwili sikujiandaa.

Babu alizunguka, akauangalia mto uko upande gani, akatafuta kona ya barabara ambayo haipo tena. Mwisho akasimama kwenye la kwanza muda mrefu, kisha akanishika mkono tukaenda kwenye la pili, akasimama muda uleule. Kwenye gari akasema wa pili huyo naye alikuwa na utingo.

Kule Gongo la Mboto, Dar, kuna makaburi ya wataalamu wa Kichina waliofariki wakati wa kujenga TAZARA. Yamejengwa, yana majina, wageni wakubwa wanakwenda kuweka mashada. Ni sawa kabisa, watu wale wanastahili. Lakini malori yalianza miaka kadhaa kabla ya reli, na kutoka Morogoro hadi Mbeya sikuona hata kibao kimoja cha kuwataja madereva. Waliokufa kwa ajili ya uhuru wa kusini tunawahesabu waliobeba bunduki. Aliyebeba mapipa ya petroli kupanda tope la Kitonga gizani sijui tunamweka fungu gani.

Kutoka hapo safari ilikuwa nyepesi. Celica ilipanda Kitonga kwa gia ya tatu, ikapita malori yaliyokuwa yakitambaa yakitoa moshi, na kwa mara ya kwanza nikaifikisha mizunguko 6,200 babu akiwa ndani. Alishika dashibodi akauliza kama limeharibika. Ilula tukanunua nyanya, tukaziweka siti ya nyuma ambayo angalau imepata kazi. Iringa chai, Mafinga baridi, Makambako trafiki akanisimamisha kwa ajili ya kuliangalia gari tu. Kwenye matuta ya vijijini linakwaruza tumbo hata ukienda kimshazari, na kwa hili mama ana haki. Magari ya IT yanayopelekwa Zambia na Kongo yalitupita kama saba hivi, yamejaa abiria wa kuokoteza, vijana wanaendesha usiku na mchana wawahi kurudi Dar kuchukua jingine. Babu aliwahesabu kimya kimya.

Kati ya Igawa na Uyole, giza limeshaingia na redio haina la kusema, alianza kutaja majina ya madereva na matingo wa wakati wake. Nilisimamisha gari pembeni nikawasha taa ya ndani nikaandika. Ni majina 14. Manne hana uhakika nayo upande wa pili, ni ya utani tu wa barabarani. Sita anajua walikufa njiani na anajua ni wapi, wengine hajui waliishia vipi. Kama baba yako au babu yako aliendesha au alikuwa utingo kati ya Dar na Zambia mwaka 1966 hadi lami ilipokamilika, niletee jina lake, tajiri wake na lori lake. Na kama mnatoka Njombe na mlikuwa na mtu aliyekwenda Zambia mwaka 1967 asirudi, tafadhali nitafuteni haraka. Babu bado yuko hapa kwetu, na anasema akisikia jina la mtoto mmoja tu atakumbuka la pili.