Karata za Odin: Siri Huzaliwa Matumizi Yakifa

Mwaka 1989 mchoraji Mwingereza Clive Barrett alitoa seti ya karata 78 za taroti ambamo miungu ya Skandinavia ya kale imeshika nafasi za wafalme, mapapa na mashetani wa karata za Italia. Mwaka mmoja kabla yake Hermann Haindl, mchoraji Mjerumani, alikuwa ametoa seti yake, yenye herufi ya runi na herufi ya Kiebrania kwenye kila moja ya karata kuu 22 zenye picha. Tangu hapo seti za namna hiyo zimezidi kuchapishwa, na mara nyingi huuzwa kwa ahadi ileile: kwamba anayezitandaza mezani anagusa hekima waliyoiacha Waviking. Kihistoria, ahadi hiyo haina mashiko. Taroti ilikuwa mchezo, runi zilikuwa maandishi, na kwa karne nyingi viwili hivi havikujuana kabisa. Lakini havikukutanishwa kwa bahati tu. Vyote vilipitia njia moja: vilianza kuitwa siri ya wahenga baada ya watu wa kawaida kuacha kuvitumia, au mahali ambapo havikuwa vimezoeleka. Kinachodhaniwa kuwa siri ya kale, mara nyingi, ni zao la usahaulifu.

Tuanze na karata. Ziliingia Ulaya katika miaka ya 1370 kutoka nchi za Kiislamu. Katika jumba la Topkapi mjini Istanbul imehifadhiwa seti ya karata za Wamamluki wa Misri, yenye vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo. Waitaliano walizichukua jamii hizo nne, na fimbo za polo, mchezo wasioujua, zikageuka kuwa magongo. Mreno naye alikuwa na jamii zizo hizo, ndiyo maana mchezaji wa pwani ya Afrika Mashariki hadi leo anataja shupaza, kopa na uru, majina ya Kireno ya panga, vikombe na dhahabu. Takriban mwaka 1440, katika miji ya kaskazini mwa Italia, ziliongezwa karata 22 zenye picha: mfalme, papa, mauti, jua, mwezi, mpumbavu. Kazi yake haikuwa kutabiri chochote. Zilikuwa turufu za kudumu, karata za kukata karata nyingine. Kumbukumbu za Florence za mwaka 1440 na za ikulu ya Ferrara za mwaka 1442 zinazitaja kama vifaa vya burudani, na katika sehemu za Italia, Austria na Ufaransa bado zinachezwa hivyo. Hakuna anayeketi kucheza huko akadhani ameshika msahafu.

Mabadiliko yalitokea Paris mwaka 1781, na mahali penyewe pana maana yake. Wakati huo taroti ilikuwa ikichezwa mashariki mwa Ufaransa, Uswisi na Ujerumani, lakini jijini Paris ilikuwa imesahaulika. Mwanazuoni Antoine Court de Gébelin alipoiona aliiona kama kitu kigeni, na katika juzuu ya nane ya kazi yake kubwa alitangaza kwamba karata hizo ni mabaki ya kitabu cha makuhani wa Misri ya Mafarao. Hakuwa na ushahidi, wala hakuna aliyeweza kumsuta kwa maandishi ya Misri yenyewe, kwa kuwa Champollion alikuja kuyafumbua mwaka 1822, miaka 41 baadaye. Muda si mrefu Jean-Baptiste Alliette, aliyejiita Etteilla kwa kulisoma jina lake kinyumenyume, akauza mbinu za kubashiri kwa taroti na seti aliyoibuni mwenyewe. Katika miaka ya 1850 Éliphas Lévi akazioanisha karata 22 na herufi 22 za Kiebrania. Mwaka 1909, jijini London, Arthur Edward Waite na mchoraji Pamela Colman Smith wakatoa seti ambayo mpaka leo ndiyo kielelezo cha seti nyingi mpya, zikiwemo nyingi za Kiskandinavia. Ukihesabu miaka, basi, taroti ya siri ni changa kuliko mchezo wake kwa zaidi ya miaka 300.

Mtu anaweza kupinga kwamba watu walibashiri kwa taroti kabla ya Court de Gébelin. Ni kweli. Ipo karatasi ya Bologna, ya karibu na mwaka 1750, inayoorodhesha maana za karata 35, na Bologna ulikuwa mji ambako mchezo ulikuwa hai. Lakini tazama maana zenyewe zilivyo: mambo ya mapenzi, wizi, safari na fedha. Hapo hakuna Misri, makuhani, wala elimu iliyopotea. Ni watu wa mtaa waliochukua kifaa walichokizoea wakakitumia kuulizia mashaka ya mtaa. Kwa hiyo ubashiri waweza kuishi bega kwa bega na mchezo. Kisichoweza kuishi hapo ni dai la siri kuu, maana jirani anayecheza karata hizohizo kila jioni angelicheka.

Runi zina hadithi inayofanana. Miongoni mwa maandishi ya runi ya kale kabisa ni neno moja kwenye kitana kilichopatikana Vimose, Denmark, cha takriban mwaka 160. Jiwe la Kylver katika kisiwa cha Gotland, la takriban mwaka 400, lina herufi 24 kwa mpangilio wake, kama mtu aliyeandika alfabeti. Enzi za Waviking Skandinavia ilizipunguza hadi 16. Kwa hiyo runi 24 zinazoitwa za Kiviking katika vitabu vingi vya ubashiri ni za watu walioishi kabla ya Waviking. Ushahidi mzito zaidi ulifukuliwa Bergen, Norway, baada ya moto wa mwaka 1955 kuteketeza sehemu ya bandari ya kale. Wachimbuzi walipata maandishi ya runi zaidi ya 600, mengi yakiwa kwenye vijiti vya mbao vya Zama za Kati. Vipo vibandiko vya kuonyesha mwenye mzigo, barua za biashara, sala za Kilatini, maneno ya mapenzi na matusi. Kimoja kinamwambia mtu kwamba Gyda anamtaka arudi nyumbani. Hirizi pia zimo, lakini zimechanganyika na shughuli nyingine zote, kama ilivyo kwa maandishi ya watu wowote wanaojua kusoma na wanaoamini kwamba neno lina nguvu.

Matumizi yalipofifia, siri ikachipuka. Mwanzoni mwa karne ya 17, Johannes Bureus, msomi wa Sweden aliyekuwa karibu na ikulu, alikusanya maandishi ya mawe ya kale na mwaka 1611 akachapisha kitabu cha kujifunzia runi. Lakini msomi huyohuyo alibuni mfumo wa runi tukufu, akiuchanganya na elimu ya siri ya Kiyahudi iitwayo Kabala. Wakati huohuo, wanakijiji wa Älvdalen katika jimbo la Dalarna waliendelea kuandika kwa runi mambo yao ya kawaida mpaka karibu mwaka 1900. Msomi wa ikulu aliona ndani yake ufunuo, mkulima aliona herufi. Mwaka 1902 Guido von List wa Vienna alifanyiwa upasuaji wa macho, akakaa miezi kadhaa bila kuona, kisha akadai kwamba katika giza hilo alifunuliwa runi 18 za asili. Alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1908, akizilinganisha na nyimbo 18 za kichawi zilizomo katika shairi la Hávamál. Hakuna jiwe wala mfupa wa kale wenye mfumo huo. Mwaka 1982 Mmarekani Ralph Blum aliuza kitabu pamoja na vijiwe vya runi, akazipanga upya kwa utaratibu wake na kuongeza kijiwe kitupu kisicho na herufi. Alfabeti haina haja ya herufi tupu, ila mchezo wa kubahatisha waweza kuipenda.

Watetezi wa ukale wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni Tacitus, Mrumi aliyeandika takriban mwaka 98 kwamba watu wa Germania walikata tawi la mti wa matunda vipande vipande, wakavitia alama, wakavimwaga juu ya kitambaa cheupe, kisha kuhani au baba wa familia akaokota vitatu na kuvifasiri. Huo ni ubashiri bila shaka. Lakini Tacitus hasemi alama hizo zilikuwa herufi, na aliandika miaka 700 hivi kabla ya Waviking. Kuziita runi ni kujaza pengo kwa matamanio. Hoja ya pili ni Hávamál yenyewe, iliyohifadhiwa katika muswada wa Iceland wa takriban mwaka 1270, ambamo mungu Odin anatundikwa mtini usiku tisa akiwa amechomwa mkuki ndipo anazipata runi. Shairi hilo, pamoja na hirizi za Bergen, linathibitisha kwamba runi zilihusishwa na nguvu. Halithibitishi kwamba watu walizipanga na kumsomea mtu bahati yake, herufi moja baada ya nyingine. Kuchonga neno la kinga ni jambo moja, kuuliza kesho itakuwaje ni jambo lingine.

Karata inayoonyesha vizuri jinsi mshono ulivyofanywa ni ya 12, Mtu Aliyetundikwa. Katika seti za Kiskandinavia nafasi yake huchukuliwa na Odin, na kwa jicho la haraka inalingana ajabu. Ila katika Italia ya zamani karata hiyo iliitwa pia msaliti, kwa kuwa miji ilikuwa na desturi ya kuwachora ukutani wahaini wakining'inia kwa mguu mmoja ili kuwaaibisha. Kamanda wa mamluki Muzio Attendolo Sforza alichorwa hivyo Roma kwa amri ya Yohane XXIII, mmoja wa waliogombania upapa enzi za mfarakano wa Kanisa. Ni kwa ajili ya ukoo wa mwanawe Francesco, mtawala wa Milano, kwamba mojawapo ya seti za taroti za kale na maarufu kabisa ilichorwa. Picha ya fedheha ya kisiasa ikageuzwa mungu anayejitoa sadaka kwa ajili ya elimu. Hesabu nayo inagoma: turufu ni 22, runi za kale ni 24, za Waviking 16. Kila anayezioanisha lazima apunguze, aongeze au arudie.

Huenda mtu akauliza: kuna ubaya gani? Kila desturi ilibuniwa siku moja, na inayowafariji watu haidai cheti cha kuzaliwa. Hoja hiyo ina haki kwa upande wa mtumiaji. Karata za Barrett zinaweza kuthaminiwa kama sanaa ya karne ya 20, na anayezitafakari hamdhulumu mtu. Wala si kila ubashiri ni wa juzi. Ramli, inayojulikana vyema pwani yetu, ina maumbo yake 16, vitabu vyake, na tayari mwanahistoria Ibn Khaldun aliieleza katika karne ya 14. Mtu anaweza kuikataa ramli kwa imani yake au kwa akili yake, lakini hawezi kusema iliundwa kwa kazi nyingine ikasingiziwa hii. Kasoro ya karata za Odin iko kwenye dai la urithi, na dai hilo lina gharama. Vikosi vya SS vya Ujerumani ya Hitler vilivaa alama mbili za runi ambazo jina na maana yake zilitoka kwenye mfumo wa List, kwa kuwa taifa lililoaminishwa kwamba lina hekima ya damu halikusumbuka kuuliza hekima hiyo iliandikwa lini. Gharama ya pili ni ya wafu: wafanyabiashara wa Bergen na wakulima wa Älvdalen wanaondolewa katika historia ya maandishi yao wenyewe, ili nafasi yao ikaliwe na makuhani ambao hawakuwahi kuwepo.

Kwa hiyo anayeuziwa siri ya wahenga, iwe ya Skandinavia au ya kwingineko, ana swali moja la kuuliza kabla ya kulipa: nani walikuwa wa mwisho kukitumia kitu hiki kila siku, na walikitumia kwa kazi gani? Kwa taroti jibu ni wachezaji, kwa runi ni waandishi. Muuzaji asiyeweza kuwataja watu hao anauza kazi yake mwenyewe, na ni haki iwe na jina lake na mwaka wake.